Jua la Mwezi wa Saba

Aikande hakuwa mtu wa kuamini maji kwa macho. Mvuke ni mwongo, alisema. Maji yanaweza kufuka juu na chini yakawa baridi kama ya mtoni. Yeye aliyapima kwa kiwiko. Alikunja mkono wa kushoto, akachovya ncha ya kiwiko katika beseni, akatega sikio kama anayesikiliza watu wa chumba cha pili, kisha akatoa hukumu: "Ya mtoto," au "Ya mzazi," au "Rudisha jikoni."

Kwa kiwiko hicho aliwahudumia wazazi wa ukoo mzima pale Akheri, miteremkoni mwa mlima. Hakuna mke wa kijana wao aliyemaliza miezi yake mitatu ya uzazi bila kuogeshwa na kukandwa na mikono ya Aikande. Alikumbuka nani alilia alipokandwa tumbo, nani alijifanya shujaa, nani alikula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando akaficha bakuli chini ya kitanda ili aletewe tena. Irine, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa katika wale waliolia. Sasa Irine alikuwa mama mtu mzima, ana duka la dawa Moshono, na siku alipokuja mwezi wa pili akakaa sebuleni bila kuvua koti, Aikande alijua amekuja na neno.

"Mama, Evelyn anatarajia," alisema Irine. Evelyn alikuwa mke wa Joel, mtoto wa Irine, mjukuu wa kwanza wa Aikande. "Atajifungua mwezi wa saba mwanzoni."

"Mungu ni mwema. Ataletwa hapa."

Irine aliutazama mguu wa mama mkwe wake. Mwaka uliopita Aikande aliteleza kati ya jiko la nje na nyumba, ndoo ya maji ya moto mkononi, na ngozi ya mguu wa kulia ilikuwa bado imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Mama, ndoo ya maji ya moto tena, hapana. Siwezi. Kama maji ya moto yatatoka bombani, mle mle bafuni, Evelyn atakuja miezi yote mitatu. Yasipotoka atabaki Moshono, tutafute dada wa kumsaidia."

"Mtafute, au mmeshampata?"

Irine alikunywa chai. Jibu hilo la chai Aikande alilipokea vizuri tu, akaliweka pamoja na mengine aliyokuwa ameyaweka miaka mingi.

Kilichomkaa rohoni hakikuwa bomba. Kilikuwa kitukuu cha kwanza. Mtoto huyo akiogeshwa na msichana wa kuajiriwa, ukoo mzima utajua kwamba mikono ya Aikande imekwisha kazi, na hakuna atakayesema kwa mdomo; watapunguza tu kumwita.

Akaanza kutafuta, na kila alikopita alipita na shaka zake.

Joel alipendekeza ile hita ya umeme inayofungwa juu, maji yanatoka kama mvua. Aikande alikwenda kuiona kwa jirani yake Tabea. Tabea aliiwasha kwa mpini wa mwiko, akiwa amevaa kandambili.

"Mwiko wa nini?"

"Inapiga kidogo. Ukiizoea huisikii."

"Mtu anauzoea umeme, Tabea? Na ukikatika mzazi ana sabuni machoni?"

"Basi anasubiri."

Aikande alirudi nyumbani kwake.

Kisha kukawa na Allen. Alikuwa na duka Kikatiti, kule tambarare kwenye joto, barabarani kabisa, na juu ya paa la duka aliweka mtambo wa jua: mirija myeusi ya vioo imelala kwa safu, tanki jeupe juu yake. Alimpokea Aikande kwa shikamoo ndefu, akamtafutia kiti chenye mto. Akafungua bomba, akakinga kikombe, akatia majani ya chai.

"Kunywa, bibi. Hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna Luku."

Aikande alichovya kiwiko kwanza, wateja wengine wakiangalia. Maji yalikuwa ya moto kweli, moto wa kunyonyoa kuku. Alitazama nje. Mwezi wa pili Kikatiti hata jiwe linaiva. Mbuzi walikuwa wamebanana katika kivuli cha nguzo ya umeme.

"Na mwezi wa saba?" aliuliza.

"Jua ni jua, bibi. Mtambo huu unachemsha hata kukiwa na mawingu."

"Mawingu ya wapi?"

Allen alicheka kwa adabu. Wiki ileile alipanda Akheri, akaikagua nyumba kwa dakika chache, akasema mtambo utakaa paa la mbele linalotazama barabara, upendeze. Na kweli paa la mbele lilikuwa linawaka jua siku hiyo. Aikande alimpa ndizi za kuondoka nazo na hakumpa jibu. Mtu anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, alijiambia, ana jibu moja tu na anatembea nalo.

Joel akapiga simu kwamba atamtuma fundi mwingine, anaitwa Eliud. Eliud alifika mwezi wa nne, mvua inanyesha. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Alizunguka nyumba, akaangalia miti ya miringaringa na migomba, akaandika katika daftari la shule, akauliza mchana nani anabaki nyumbani na watu wanaoga saa ngapi. Kisha akaaga. Baada ya wiki mbili alirudi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Akazunguka tena, akaondoka tena.

Aikande alifunga mlango wa nyuma kwa komeo, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Philemoni.

"Balozi, kuna mtu anasema anauza jua, na anakuja siku za mvua tu. Ananiuliza mchana nani anabaki nyumbani. Wewe unaona anauza nini?"

Philemoni aliona kama alivyoona yeye. Mara ya tatu Eliud alipokuja, mwezi wa tano, siku ya ukungu kama kawaida yake, alimkuta balozi amekaa kibarazani na fimbo imelala magotini.

"Kijana, unauza nini hasa?"

"Mtambo wa maji ya moto, mzee. Wa jua."

"Jua liko wapi?"

"Halipo, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

"Eleza vizuri, huondoki hapa hivi hivi."

Eliud alivua kofia. "Joel ameniambia mzazi atakuja mwezi wa saba. Nikija siku ya jua, nitaona jua, nitauza, nitaondoka. Mwezi wa saba bibi atafungua bomba aone baridi. Nataka nione siku mbaya zinavyokuwa hapa."

"Na nani anabaki mchana?"

"Wapo wanaoyamaliza maji kwa kufua mchana, jioni yanatoka ya baridi. Wananitukana mimi."

Philemoni alicheka, fimbo ikaanguka. Aikande hakucheka. Mwizi naye hujiandaa na majibu.

Eliud akamgeukia. "Bibi, nimezunguka mara tatu nimeshindwa kujua. Mwezi wa saba, jua likitoka, linashika wapi hapa kwako?"

Hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Si Allen, si Irine mwenye masharti yake. Aikande alimtazama, akitafuta hila iko wapi. Kisha akafungua komeo, akawapeleka nyuma ya nyumba.

Nyuma, juu kidogo, upande wa mlimani, palikuwa na nguzo sita zilizooza. Ndipo kilipokuwa kichanja cha kuanikia kahawa. Marehemu mumewe Eliasi, alipojenga nyumba hii wakiwa vijana, alianza kwa kuanika mbele, karibu na barabara, watu waone kwamba na yeye ana kahawa. Kahawa ya kwetu inaanza kuiva wakati wa baridi. Msimu ule wa kwanza kahawa yote iliota kuvu, watu wa chama cha ushirika wakainusa na kuirudisha. Mwaka uliofuata alikaa mwezi wa saba mzima akitazama vivuli. Mwezi wa pili jua linapita upande wa barabara. Mwezi wa saba linahama, linapita upande wa mlimani, na upande wa mbele unabaki kivulini mwa nyumba yenyewe, paa lake likipata jua la ubavuni tu. Akahamisha kichanja. Tangu hapo hawakurudishiwa kahawa.

"Hapa," alisema Aikande. "Ukungu ukifunguka, hapa ndipo unapofungukia."

Eliud aliandika. Aikande akaona vibaya kuandikwa maneno yake na mtu ambaye bado hajamwamini, akaamua kuyapima mwenyewe.

Mwezi wa sita baridi iliposhuka alichukua chupa mbili za plastiki zinazolingana, akazipaka masizi ya sufuria, akazijaza maji. Moja akaiweka kwenye paa la mbele, ya pili kwenye nguzo za kichanja. Akachagua siku mbaya, jua lilichungulia mara moja tu baada ya saa sita. Akamwita Eliud aje saa tisa, ashuhudie.

Chupa ya mbele aliimimina kwenye beseni, akachovya kiwiko. "Ya kunawa kabla ya kula, ukiwa na haraka."

Ya nyuma akakaa nayo zaidi. "Ya mtoto," alisema mwishowe. "Ya mzazi, bado."

Alimtazama fundi amsikie atakavyojitetea.

"Basi siku kama hii jua peke yake halitoshi," alisema Eliud. "Mirija ya mtambo inashika joto kuliko chupa, lakini zikifuatana siku tatu za hivi, maji yatakuwa vuguvugu. Lazima tanki liwe na hita ndani. Unawasha kwa saa moja, unazima, ndipo mtu anaoga. Umeme haukai kichwani kwa mtu."

Aikande hakuwahi kumsikia muuzaji akisema mali yake haitoshi. Akatafuta hila tena, akaikosa, na kukosa huko kukamsumbua zaidi.

"Swichi itakaa chumbani kwangu," alisema. "Ikikaa jikoni wataoshea vyombo."

Eliud alikuwa anachimbia nguzo mpya pale pa kichanja Allen alipotokea na pikipiki yake. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Bibi, unaharibiwa kazi. Mtambo unatazama mlimani? Jua linatoka mlimani?"

"Allen, mwanangu," alisema Aikande, "mwezi wa saba, saa sita mchana, kivuli cha nyumba hii kinaangukia wapi?"

Allen aliitazama nyumba. Akatazama barabara, akatazama mlima. "Si chini yake, bibi?"

"Kinaangukia upande wa barabara. Chukua ndizi, usiondoke mikono mitupu."

Kwa kuwa maji ya mradi yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, Eliud aliweka simtanki juu zaidi ya mtambo, yashuke yenyewe, na bomba la kwenda bafuni akalivika sponji lote, maana ni mbali na njiani maji yangepoa. Siku zote hizo Aikande alikaa kwenye kigoda akimwangalia. Alihesabu hata misumari.

Evelyn alijifungulia hospitali mjini, mtoto wa kike, na walipofika Akheri mwezi wa saba ilikuwa siku ya tatu ya ukungu. Mlima haukuonekana, hata mringaringa wa mpakani haukuonekana. Irine alishuka kwanza. Mkononi alikuwa na chupa mbili kubwa za chai.

"Chai ya nini, tuna chai hapa," alisema Aikande.

"Ni maji ya moto, Mama. Tahadhari tu."

Aikande alizitazama chupa, kisha mabegi. Begi la Evelyn lilikuwa dogo, la kulala usiku mmoja. Akaliweka na hilo rohoni, pamoja na mengine. Alikuwa amewasha swichi alfajiri kwa saa moja, akaizima, akafunga chumba kwa kufuli. Hakumwambia mtu. Aliingia bafuni, akafungua bomba, akakinga beseni, akachovya kiwiko, akakitoa upesi mno kabla hajasikia kitu. Akachovya tena.

"Ya mzazi," alisema. Akachanganya na ya baridi katika beseni dogo. "Na haya ya mtoto."

Irine alisimama mlangoni. Alivua koti, akakunja mkono wa blauzi, akainama, akachovya kiwiko chake katika lile kubwa, kama alivyoona akifanyiwa miaka ile. Akakiacha humo. Akafungua bomba likatiririka muda mrefu, akisubiri yapoe, na hayakupoa.

"Unamaliza maji ya mzazi," alisema Aikande.

Irine alifunga bomba, akajifuta mkono, akatoka hadi kibarazani. Aikande, ambaye masikio yake hayakuwa yamezeeka, alimsikia akipiga simu. "Joel, lile begi kubwa lililobaki nyumbani, lilete leo. Na yule dada mwambie asije."

Basi dada alikuwa ameshapatikana. Aikande alilijua tangu mwezi wa pili.

"Evelyn, ingia," aliita. "Vua kanga, kaa hapa, nipe mgongo. Ukitaka kulia, lia. Mama mkwe wako alilia mpaka balozi akaja kuuliza kuna nini. Irine, yale maji yako ya Moshono yapeleke jikoni, tuyapikie mtori."