Wimbo Nilioukata

Kitabu changu cha kwanza nilikiandika juu ya kinu. Nalisema hili mapema kwa sababu walimu wananiletea wanafunzi wao waje kunitazama, na wote wanadhani mwandishi wa vitabu vya watoto hukaa kwenye meza ya mninga, dirisha likitazama bustani. Sikuwa na meza. Nyumba yetu ya Kinondoni ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na uwanja, na Kinondoni yenyewe wakati huo ilikuwa minazi, mikorosho na mashamba ya muhogo. Ukitoka mjini unafika huku umejaa vumbi hadi magotini. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita vikuu vya pili vimekwisha miaka michache nyuma, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikipindua kinu cha mama, nikaweka ubao juu yake, nikakaa kwenye kigoda na kuandika kwa penseli nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi. Wino niliuweka kwa ajili ya nakala safi tu.

Muda wangu wa kuandika uliisha pale mama alipotoka jikoni na mchi mkononi.

"Baba, ondoa vitabu vyako, nataka kutwanga."

Naondoa. Sentensi za vitabu vyangu ni fupi, na mkaguzi mmoja aliwahi kunisifu kwa hilo mbele ya walimu wenzangu, akasema naijua akili ya mtoto. Nilichokijua ni ule mchi.

Mama alikuwa Mzaramo wa Kibamba, mjane tangu mimi sijabalehe, na riziki yake ilikuwa mikeka. Mchana kutwa vidole vyake vilisuka ukili, ile mikanda mirefu ya miyaa ambayo baadaye hushonwa ikawa mkeka. Hakujua kusoma. Lakini kila nilichoandika nilimsomea yeye kwanza, na wakati wa kusoma sikuutazama uso wake, nilitazama vidole. Vikienda, hadithi inakwenda. Vikisimama, nimekosea mahali, narudi nyuma kutafuta. Sijapata mhariri mwingine wa kufanana naye, na nimekutana nao wengi, wengine wana shahada.

Hadithi zenyewe zilikuwa zake. Alizipata kwa mama yake, na mama yake alizitoa anakokujua mwenyewe. Watu wanaponiambia nina kipaji nanyamaza, maana nikijibu nitatukana.

Kubwa kuliko zote ilikuwa hadithi ya binti na mto. Wakubwa zake wanavuka kwanza, wanamwambia, "Wewe ngoja hapa, tutakurudia." Hawarudi. Mto unajaa, maji yanapanda mpaka shingoni, ndipo binti anapoanza kuuimbia mto. Wimbo una beti tano. Ubeti wa kwanza maji yako shingoni, wa pili yameshuka kifuani, wa tatu yako kiunoni, wa nne yako magotini, na wa tano binti anavuka. Ni wimbo wa Kizaramo. Mama alianzisha kila ubeti, nasi watoto tuliitikia maneno manne yale yale huku tukipiga makofi. Nimeitikia wimbo ule tangu sijajua kufunga kikoi changu mwenyewe.

Nilipoamua kuiandika, mama alinitajia beti zote tano. Ilichukua asubuhi tatu. Alikaa kitako vizuri, miguu ameinyoosha, akarudia kila mstari bila kuchoka mpaka penseli yangu imfikie. Asubuhi ya tatu akaniuliza, "Na huo wimbo utawekwa wote?"

"Wote, mama."

"Usipunguze."

"Sipunguzi."

Nikaandika nakala safi kwa wino, nikaipeleka mjini kwenye ofisi iliyokuwa ikichapisha vitabu vya kusomea shuleni. Aliyenipokea alikuwa Mwingereza wa makamo, mpole, Kiswahili chake safi kuliko cha baadhi ya makarani wake. Hakunifokea. Laiti angenifokea, leo ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai, akaisifu hadithi kwa dhati. Kisha akasema mtoto wa Tabora au wa Songea hatajua Kizaramo. Akasema jambo moja limerudiwa mara tano na karatasi ni adimu. Akauliza, "Na funzo, Mwalimu? Funzo liko wapi?"

Akanisogezea penseli nyekundu. Alisema nikate mwenyewe, kwa kuwa hadithi ni yangu.

Ningeweza kusema hapana. Nimeifikiria dakika ile kwa miaka mingi, nikijitafutia udhuru, na sikuupata. Hakuna aliyenishika mkono. Niliomba rula ili mistari isipinde, mwalimu mzima, nikaukata wimbo ubeti kwa ubeti. Mahali pake nikaandika: "Binti aliuomba mto upungue, nao mto ukapungua." Chini kabisa, kwenye funzo, nikaandika: "Mtoto mtiifu hufika salama." Bwana yule akasoma, akatabasamu, akanipa mkono. Nami nilifurahi. Nilitembea kurudi Kinondoni nikijiona nimekuwa mtu.

Nilinakili hadithi upya, safi, bila wimbo. Karatasi za zamani, zile za penseli na zile zenye mistari myekundu, nilimpa jirani yetu aliyekuwa akiuza karanga, akatengenezea vifuko. Wimbo wa mama yangu ulikwenda na karanga, na mimi mwenyewe nilinunua kifuko kimoja nikala.

Kitabu kilipotoka kilikuwa na jalada la kijani, na juu yake picha ya binti amevaa viatu. Mama aliposikia kimefika alioga, akajifunga kanga mpya, akatandika mkeka uwanjani, akachukua ukili wake na kukaa. Ilikuwa Jumapili, jua halijawa kali. Nikaanza kusoma.

Vidole vikaenda. Vilikwenda vizuri sana. Wakubwa wakavuka, binti akabaki, mto ukajaa. Maji yalipofika shingoni mama aliweka ukili chini. Sikuwa nimewahi kumwona akiuweka chini kwa hiari. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akafungua mdomo.

Mimi nilikuwa nimeshasoma mstari wangu mmoja, niko ng'ambo ya mto.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka, mama."

"Wimbo uko wapi?"

"Wazungu wameukata."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mwenye ndevu, nikamdanganya mama yangu nimekaa kwenye mkeka alioushona mwenyewe. Akaniambia nimalizie, nami nikamalizia mpaka kwenye funzo.

"Rudia hapo mwisho."

"Mtoto mtiifu hufika salama."

Akatikisa kichwa polepole. "Unamjua huyo binti ni nani?"

Nikasema ni binti wa kwenye hadithi.

"Ni dada yake bibi yako. Watu walikuwa wanakimbia vita vya Mdachi, wakafika Ruvu mto umejaa. Wakubwa wakavuka na mizigo, yeye wakamwambia ngoja hapa, tutakurudia. Akangoja. Angekuwa mkaidi angekimbilia porini akapona. Alikuwa mtiifu, mwanangu. Hakuna mtoto aliyekuwa mtiifu kama yule."

"Hakuvuka?"

"Hakuvuka. Bibi yako akatunga hadithi ili avuke. Kila tukiimba, anavuka."

Akachukua ukili wake akaingia ndani. Mimi nilibaki uwanjani na kitabu cha jalada la kijani, na hasira niliyoipata siku ile, sioni haya kusema, ilikuwa juu ya mama. Kwa nini hakunieleza mapema? Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba sikuwahi kumwuliza. Nilizichukua hadithi zake kama mtu anavyochuma maembe ya jirani, nikaangalia tu ukubwa wake.

Hatukugombana. Aliendelea kunipikia, na nilipooa aliendelea kukaa nasi. Kinu nilikipindua kila asubuhi kama kawaida, nikaandika kitabu cha pili na cha tatu. Nilipomsomea, vidole vilikwenda tu, hata pale nilipokosea kwa makusudi kumjaribu. Hakunisahihisha tena. Wanangu walipopata akili wakamwomba awasimulie, akawasimulia za sungura na za fisi. Wakiitaka ya mto aliwajibu, "Hiyo mwulizeni baba yenu, ana kitabu."

Ningeweza kumwomba aniimbie tena, nikae na penseli asubuhi nyingine tatu. Sikumwomba. Kwanza ilikuwa aibu, kisha kiburi, kisha shughuli. Na juu ya yote nilijiambia kwamba wimbo naujua, nimekua nao, utanipotelea wapi?

Mama alifariki wakati wa masika, Mwingereza bado yupo. Alilala siku nane kwa homa. Siku ya arobaini tulisoma khitma nyumbani, na jamaa zake wakaja kwa miguu kutoka Kibamba, akiwemo mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, ambaye naye alikuwa amekwisha kuwa mzee. Watu walipokwisha kula, wanaume wakatoka barazani, nami nikabaki uwanjani na kina mama. Binti yangu wa kwanza, alikuwa wa miaka saba, akamwomba mama mdogo hadithi ya mto. Bibi yake alikuwa amemnyima hadithi hiyo maisha yake yote.

Mama mdogo akakubali. Alisimulia vizuri, kwa sauti inayokaribia ya mama hata ikaniuma. Maji yalipofika shingoni akaanzisha ubeti wa kwanza, nasi sote tukaitikia yale maneno manne kwa makofi, wanawake wa Kibamba, mimi, na wanangu waliodaka mara moja. Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe wimbo upo.

Akaanza ubeti wa pili, akasita. Akarudi mwanzo, akaanza tena, akasita pale pale.

"Mie niliolewa mapema, nikaondoka," akasema. "Huu mama alimwachia dada. Sie wengine tulikuwa tunaitikia tu." Akanigeukia. "Lakini wewe si uliuandika? Hebu tuanzishie."

Wote wakanitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni yale maneno manne. Nikajaribu tena, yakatoka yale yale. Maisha yangu yote niliuimba wimbo ule upande wa kuitikia, nikadhani ndio wimbo wenyewe.

"Basi kalete kitabu," mama mdogo akasema. "Kazi yake si ndiyo hiyo?"

Nikaenda ndani nikakileta. Nilikifungua penye picha ya mto, nikasoma kwa sauti ya darasani, maana sikuwa na nyingine: "Binti aliuomba mto upungue, nao mto ukapungua."

Mama mdogo alikuwa ameinua mikono, tayari kwa makofi. Akangoja. Wenzake nao wakangoja.

"Basi?"

"Basi, mama mdogo."

Akaishusha mikono polepole juu ya magoti yake.

"Maji yalikuwa bado shingoni," akasema. "Tumemwacha tena."