Herufi za Meno ya Mbele

Bi Sabra binti Masoud alisomesha chuo cha Kurani pale Tongoni tangu usichana wake, barazani kwa marehemu baba yake, na sifa yake ilikuwa moja: hakuachia herufi. Mtoto akichanganya thaa na sini alirudishwa mwanzo wa aya, hata kama wenzake wamekwisha kwenda zao. "Ncha ya ulimi iguse meno ya juu," alisema, akifunua kinywa chake waone. Waliopita mikononi mwake, ukiwasikia wakisoma msikitini unawajua.

Ugonjwa wa fizi ulimwanza taratibu. Kwanza damu akipiga mswaki, kisha meno yakawa yanacheza, naye akayavumilia kwa maji ya chumvi na karafuu. Alipofika kwa daktari wa meno huko Tanga mjini, mama wa makamo aitwaye Anastazia, manne ya mbele juu hayakuwa tena na pa kushika. Yakang'olewa. Bi Sabra akauliza kama angeweza kupandikiziwa mengine ya kudumu. Daktari akamweleza kwa upole kwamba mfupa ulikwisha kuliwa; na daraja, yaani meno yanayoegemezwa kwa jirani zake, lilitaka majirani imara, na yeye hakuwa nao. Yalibaki meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, nayo yangengoja fizi zipone.

Alirudi nyumbani mtandio mdomoni. Kesho yake alijaribu kusomesha. Thaa ikatoka upepo mtupu, faa ikawa kama mtu anayepuliza chai. Watoto hawakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Chuo akamwachia Tahiri, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye familia yake.

Miezi hiyohiyo mumewe Uweso, aliyekuwa mkwezi wa minazi, alilazwa kwa ugonjwa wa ini. Hospitali ilimfanyia iliyoweza, ikamrudisha nyumbani. Kila alasiri alitaka asomewe Yasini, na kila alasiri Bi Sabra alimwita Tahiri. Siku moja Tahiri alipokwisha kuondoka, Uweso akamwambia mkewe, "Mwalimu, kijana anasoma vizuri. Lakini mimi nataka unisomee wewe."

"Nitaiharibu."

"Mungu anajua kuwa huna meno."

"Nisubiri kidogo, bwana wangu. Nikishavaa nitakusomea mpaka uchoke."

Uweso akageukia ukutani. Hakumuomba tena.

Bi Sabra akaenda mjini. Daktari akamtia kinywani kibati chenye unga laini uliokandwa, akamwambia aume na atulie mpaka ugande, kisha akautoa na alama ya ufizi wake, ipelekwe kwa fundi wa meno. Akaambiwa arudi meno yakiwa tayari. Kabla hayajawa tayari Uweso akafariki, asubuhi, Tahiri akimsomea. Bi Sabra alikuwa amemshika miguu, akifuatisha aya kwa moyo, midomo ameifumba.

Akakaa eda. Meno nayo yakakaa, ndani ya kikopo kabatini kwa daktari. Eda ilipokwisha, wifi yake Mboni ndiye aliyemsindikiza kuyachukua. Hayakumkaa, kwa kungoja kote kule fizi zilikuwa zimenywea. Daktari akayajazia kwa ndani, akayasugua, akamvisha upya, akamwambia aseme neno lolote. Bi Sabra akasema thaa. Ikatoka safi, kama zamani. Machozi yakamshuka palepale kitini, na Anastazia, akidhani meno yanambana, akataka kuyavua ayapunguze tena. Ikabidi Mboni amwambie ayaache.

Sasa amerudi barazani. Watoto wanamsifu kuwa amekuwa kijana, naye huwaambia wasome. Alhamisi moja baada ya magharibi, yeye na Mboni walikaa mkekani, akamsomea Uweso Yasini tangu mwanzo hadi mwisho, kila herufi mahali pake. Alipofunga msahafu, Mboni akajipangusa macho, akamwambia kwamba kaka yake angefurahi.

"Angefurahi siku ile aliponiomba," Bi Sabra akasema. Akainuka, akaenda uani kuyaosha meno.