Warithi Watatu wa Mzee Byarugaba

Kijiji kizima cha Izigo kilijua kwamba ukoo ukikaa kikao cha mirathi, kalamu hushikwa na Mwalimu Mwijage. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, akastaafu na mwandiko wake mzuri, na katika mihtasari yote aliyoandika hakuna hata mmoja uliowahi kurudishwa na mahakama. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kungoja kuulizwa.

Baba yake, Mzee Byarugaba, alipofariki, wanaume wa ukoo walikaa sebuleni siku ya tatu baada ya maziko. Mwijage akaandika kama alivyoandika kwenye misiba ya wengine: msimamizi wa mirathi ni yeye, warithi ni yeye na wadogo zake wawili, Kahangwa na Mutembei. Mali ni nyumba, na kibanja chenye migomba na kahawa.

Dada yao Dativa alikuwa jikoni akimenya ndizi za kuwalisha wenye kikao. Dativa huyo aliachika, akarudi nyumbani, akamuuguza mzee miaka sita, akimgeuza kitandani na kumfulia mashuka. Siku kaka zake wakigawana kibanja bila jina lake, hana pa kulala. Hakuna aliyemtaja. Wazee husema, kwao binti ni kwa mumewe. Kwamba mume alishamfukuza, hilo halikumjia mtu kichwani, hata bingwa wetu wa hesabu.

Kesho yake Mwijage, magoti yakimsumbua, akampa Dativa karatasi ileile aipeleke Muleba mjini ikachapwe. Dativa akairudisha imechapwa vizuri, ndani ya bahasha moja na cheti cha kifo.

Siku ya mahakama Mwijage akamchukua tena ambebee bahasha. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma mpaka mwisho, kisha akauliza, "Marehemu ameacha watoto wangapi?"

"Watatu, mheshimiwa."

"Na huyu aliyekushikia bahasha?"

"Mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Baba mmoja, mama mmoja."

Hakimu akavua miwani. "Hesabu tena, mwalimu."

Watu kwenye mabenchi wakacheka, na wawili kati yao aliwahi kuwafundisha. Mwijage akasikia masikio yakimwaka. "Wanne," akasema, kwa sauti ndogo ambayo darasa lake lisingeisikia. Muhtasari ukarudishwa. Kikao kikakaliwe upya, hakimu akaamuru, na Dativa awemo.

Nje, Mwijage alishindwa kumtazama dada yake usoni. Angekuwa amemdhulumu kwa makusudi, angalau angekuwa amemfikiria. Yeye hakumkumbuka kabisa, na aibu ya hilo ilimla kuliko kicheko cha watu.

"Dativa, nisamehe," alisema. "Nilikusahau. Lakini karatasi si uliibeba wewe? Mbona hukuniambia?"

"Niliisoma, waitu kaka," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Kwenda na kurudi, naisoma tu." Dativa aliikunja bahasha, akaitia kwapani. "Kusoma si ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni? Nikasema, huyu ni mwalimu, ataliona kosa lake mwenyewe. Nikangoja usahihishe."