Ndoa ya Kabla ya Januari

Tangu polisi wa tribinali, mahakama ya wenyeji, alipomrudisha kwa baba yake, Subira hakukaa kitako hata kumaliza sahani ya ugali. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akaenda kuchota maji na mtungi ungali umejaa, kisha akasimama njiani kutazama upande wa nyumba ya Sumaili, fundi cherehani, ambaye mpaka juzi alikuwa mumewe.

"Kaa chini, mutoto," alisema baba yake, mzee Alimasi. "Jina la Subira tulikupa bure?"

"Nikikaa nitaota mizizi hapa, baba."

Kosa lao lilitokana na adabu. Nikaha ilisomwa mwishoni mwa Novemba, mali ya mahari ikapokelewa, watu wakala wali. Kabla bibi arusi hajapelekwa kwa mumewe, nyanya yake akafa. Na kwa Waislamu wa Kasongo, nyumba yenye matanga haitoi bibi arusi. Wakangoja arobaini. Ilipokwisha, mwaka mpya ulikuwa umeingia na sheria mpya ya serikali: kuanzia Januari, mwenye mke asioe mwingine. Sumaili tayari alikuwa na mke mkubwa, jina lake Binti. Sheria haikueleza ndoa huanza lini, kwa hiyo tribinali ya Kasongo ilijiamulia yenyewe: huanza pale mke anapovuka mlango wa mume. Subira alikuwa ameuvuka katikati ya Januari.

Mvua zilipokatika, Binti alikuja na habari. Mzungu mmoja mwanasheria ametumwa na wale wanaotunga sheria, azunguke kuuliza kila tribinali inaisomaje sheria ile.

"Twende," alisema Binti. "Nimechoka kupika peke yangu. Mara nyingi nilitamani kukufukuza, lakini nikufukuze mwenyewe, si polisi!"

Tribinali ilijaa watu. Jaji Bulaimu alieleza taratibu habari ya mlango. Hakuwa amemaliza, Binti akasimama.

"Mimi ndiye muke mukubwa. Wali wa nikaha ile niliupika kwa mikono hii. Kama ndoa haikuwapo, niliwapikia nani? Mashetani?"

"Mama, wali hauvuki mulango," alijibu Bulaimu, na watu wakacheka.

Mgeni, yule Mzungu, hakucheka. Alikuwa akipekua karatasi zake. "Ajabu," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Nimetoka Kabambare. Huko majaji wanahesabu ndoa tangu siku mali ilipopokelewa. Na sheria ni hii hii."

Subira alikuwa amekwisha simama. "Basi Kabambare mimi iko muke?"

Mgeni akasema ataandika yote mawili, na waliotunga sheria ndio watakaosema maneno yao yasomwe vipi.

"Lini?"

"Karatasi zinakwenda mpaka Ulaya, mama. Labda mwaka. Labda zaidi."

Subira alitoka kabla ya kuruhusiwa, Binti akimfuata nyuma huku akitweta. Alipofika kwa Sumaili alisimama nje, vidole vya miguu karibu na kizingiti, asikiguse.

"Funga ile cherehani ndogo. Tunahamia Kabambare."

Sumaili aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Nina wateja hapa. Na Binti je? Tungoje jibu kwanza."

"Tulingoja arobaini, Sumaili. Ndipo nikakupoteza."

Binti alipenya katikati yao, akaingia ndani. "Cherehani kubwa inabaki na mimi," alisema bila kugeuka. "Nawe bwana utakuja kunisalimia. Hilo halijakatazwa bado."

Sumaili na Subira waliondoka na lori la pamba. Mzee Alimasi alipanda pia, akilalamikia vumbi njia nzima, maana ndiye aliyepokea mali. Majaji wa Kabambare walimuuliza ilikuwa lini.

"Novemba," alijibu.

Wakaandika ndoa. Jioni hiyo Sumaili alipanga chumba, na Subira akaingia wa kwanza, hata kabla mkeka haujatandikwa.

Jibu la wanaotunga sheria lilifika baadaye sana. Siku liliposomwa mbele ya tribinali ya Kabambare, Subira alipita barabarani akienda shambani, mtoto mgongoni na jembe begani. Watu walimwita aje asikie. Aliwapungia mkono, wala hakupunguza mwendo.