Wiki Niliyojifungia Simu

Mimi ni afisa mifugo wa kata, lakini huku Nyanungu mtu yeyote mwenye sindano ya ng'ombe anaitwa daktari, nami sijawahi kumsahihisha mtu.

Siku hiyo nilikuwa nachanja ng'ombe wa mama mmoja mjane. Anao tisa, na anawajua kuliko ninavyojua majina ya wajomba zangu. Kila nikimaliza mmoja nachungulia simu, maana kulikuwa na video ya jamaa anayefundisha mbuzi kupanda ngazi. Nikadunga, nikachungulia, nikanyanyua sindano tena.

"Daktari," mama akasema kwa upole, "huyo umeshamdunga."

"Si ametoka yule, ameingia mwingine?"

"Huyo hajatoka. Aliyetoka ni wewe."

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikapakua programu ya kuzuia simu isinipotezee muda. Siku tatu za mwanzo haikuzuia kitu. Nikiigusa video, inafunguka kama kawaida. Jumamosi asubuhi nikaketi kuitengeneza, yaani kuangalia video za namna ya kuzuia video. Ya kwanza ilihusu tatizo langu. Nne zilizofuata zilihusu mtu anayechimba bwawa kwa mikono.

"Imeshapona?" mke wangu akauliza wakati wa chakula cha mchana.

"Bado nafanya uchunguzi."

Mwishowe nikagundua kwamba simu, katika kuokoa betri, ilikuwa inailaza programu kila baada ya dakika chache. Nikairuhusu isilale. Hapo ningeacha, ila nilishapata kiburi cha fundi. Programu ikaniletea orodha ya vitu vya kuzuia. Kugusa kimoja kimoja nikaona uvivu, nikabonyeza "vyote". Ikauliza kama nataka ulinzi usiovunjika. Nikataka. Ikauliza muda. Nilikusudia saa saba, nikaweka siku saba. Ikauliza kama nina uhakika, nami sijawahi kuwa na uhakika kama siku ile.

"Vyote" kumbe ilikuwa ni pamoja na ujumbe, kupiga simu, na hata mipangilio ambayo ningeingia kuiondoa. Mtu akinipigia, simu inaita vizuri, lakini nikitaka kupokea, ukurasa wa kijani unafunika kitufe na kunipongeza: Hongera, endelea na kazi yako. Nikaizima na kuiwasha. Programu ikawa ya kwanza kuamka. Nikaiacha ikaisha chaji. Ilipopata umeme ikaendelea kuhesabu siku zake pale pale. Watu walioniuliza niliwaambia mtandao wa upande wetu ni mbovu. Wanaishi upande huo huo, lakini walinionea huruma.

Jumanne asubuhi simu iliita mara tano mkononi mwangu. Nikapongezwa mara tano. Baadaye kidogo bodaboda ikaingia uani, yule mama mjane akashuka kabla haijasimama sawasawa.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Mtamba wangu anazaa tangu alfajiri. Miguu imetoka, kichwa hakuna. Nimekupigia mpaka basi!"

Nilichukua kamba na sabuni, nikaifuata bodaboda yake kwa pikipiki yangu. Tulimkuta mtamba amelala ubavu nyuma ya zizi, hata kulia hawezi tena. Nikavua shati, nikajipaka sabuni hadi begani. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma. Nikairudisha ndani miguu, nikatafuta pua kwa vidole, ikaniponyoka, nikaitafuta tena, nikakigeuza kichwa, kisha nikaitoa miguu na kuifunga kamba. Mama akashika kamba nyuma yangu, tukavuta kila mtamba aliposukuma.

Ndama alitoka akiwa kama nguo iliyolowa. Hakupumua. Nikamsugua kwa majani makavu, nikamtekenya puani kwa bua. Mama alikuwa anaongea peke yake kwa Kikurya, sijui anamwomba Mungu au ananisema mimi. Kisha ndama akapiga chafya, na mama akakaa chini kwenye samadi bila kuangalia anapokaa.

"Sasa niambie," akasema. "Simu yako ina nini?"

Kisingizio cha mtandao kilikuwa tayari mdomoni. Ila ukiwa na damu mpaka begani, uongo unakuwa mgumu. Nikamweleza yote.

"Umejifungia mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na ufunguo?"

"Sina."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Mchana ule ule nikaenda Sirari kwa fundi simu, dada mmoja asiyepoteza maneno.

"Nani ameifunga?"

"Mimi."

"Na nani anataka ifunguliwe?"

"Mimi."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakanigeukia. Fundi akaizima simu, akaiwasha huku ameshikilia vitufe, ikaamka katika hali ambayo programu za kupakua hazifanyi kazi, akaing'oa ile yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yangu. Nikamwomba airudishe, lakini izuie video tu, saa za kazi.

"Namba ya siri ya kuifungua itunzwe na mtu mwingine," akasema. "Kuna mtu unayemwogopa?"

Sasa anayo mke wangu. Nimeshamwomba mara mbili. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alisema ameisahau, na aliponiambia hivyo alikuwa anatabasamu.