Mtu wa Tatu Nyuma ya Farasi

Saa nane mchana jua linachoma nje, lakini nyuma ya pazia la ukumbi huu ni giza tupu. Fundi wa picha amepiga magoti katikati ya projekta mbili, anafuta lenzi kwa kipande cha fulana kuukuu. Wenzake wanamwita Popo. Amefanya kazi gizani miaka ishirini na miwili, na wanaapa kwamba anaweza kutia uzi kwenye sindano taa zikiwa zimezimwa.

"Waongo hao," anasema. "Sindano yenyewe huwa naitafuta nusu saa."

Leo ana mgeni wake. Safu ya mbele atakaa shangazi yake, mwenye umri wa miaka themanini na saba. Macho yake yanafifia, na daktari amesema mwaka hautaisha kabla hayajazima kabisa.

Onyesho lenyewe linahusu wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika waliobeba risasi, unga na hata vitanda vya wakubwa, kisha wakasahauliwa. Waigizaji kumi na mmoja wanatembea jukwaani na masanduku ya kweli, kila moja kilo ishirini na tano. Spika zinatoa sauti ya nyayo kwenye matope. Mvua ya filamu inanyesha kwenye kitambaa kipana nyuma yao, halafu inatokea picha moja ya zamani: ofisa juu ya farasi, na nyuma yake wanaume kumi na mmoja wenye mizigo vichwani.

"Mgongoni mwa picha pameandikwa jina la farasi," anasema Popo. "La farasi! Hao wengine ni 'wapagazi kumi na mmoja', basi."

Anayemnyima usingizi ni wa tatu kutoka kwa farasi. Babu yake Popo alirudi kutoka vitani na sikio lililokatwa na risasi, mtaa mzima ukamwita Nusu Sikio. Na huyo wa tatu, sikio lake moja ni nusu.

Jumamosi iliyopita alimleta shangazi aje kumtambua baba yake. Picha ilipotokea, bibi huyo alisimama na fimbo yake.

"Huyo siye! Baba sikio lake lilikatika la kushoto. Huyu la kulia. Usinibambikie baba, wewe!"

Watu walicheka. Nyuma ya kitambaa, Popo aliomba ardhi ipasuke.

Kesho yake asubuhi aliitoa picha ya karatasi kwenye bahasha na kuitazama upya. Sikio nusu lilikuwa la kushoto.

Hapo akakumbuka. Wakati wa mazoezi projekta zilikaa upande wa watazamaji, vivuli vya masanduku vikawa vinaziba picha, zikahamishiwa nyuma. Ukirusha picha kutoka nyuma ya kitambaa lazima uigeuze kwa kitufe cha projekta, la sivyo kulia kunakuwa kushoto. Filamu zote alizigeuza. Picha hii moja, iliyomo kwenye projekta ya pili, aliisahau.

"Maonyesho tisa farasi anaelekea kusiko, na hakuna aliyeuliza," anasema. Kisha sauti inashuka. "Nimemnyima shangazi baba yake kwa kitufe."

Kumweleza nako kulikuwa kazi.

"Shangazi, nilimweka babu kinyume."

"Kinyume vipi? Kichwa chini?"

"Kulia kushoto."

"Na wanakulipa kwa hilo?"

Saa tisa taa zinazimika. Nyayo, matope, mvua. Popo anabonyeza. Safari hii farasi anatokea amegeuzwa, na wanaume kumi na mmoja wamegeuka naye.

Shangazi anainuka. Anasogea hadi ukingo wa jukwaa na kuinua uso. Waigizaji wanasubiri, shingo zimekakamaa chini ya masanduku.

"Ndiye," anasema, polepole. Halafu, kama anayempokea mtu mlangoni: "Tua basi, baba. Umefika."

Mwigizaji wa tatu anashusha sanduku lake, jambo ambalo halimo kwenye mchezo.

Jioni, ukumbi ukiwa mtupu, mwongozaji anakubali wanaume hao waandikwe majina chini ya picha. Shangazi anakataa jina la kwenye vyeti.

"Andika Nusu Sikio. Hilo lingine hakuliitikia hata siku moja."

Popo anaandika. Amechapisha nakala hamsini za picha hiyo, na kila siku asiyokuwa kazini atazipeleka kwa wazee, nyumba kwa nyumba, awaulize kama kuna wanayemjua.

"Bado kumi," anasema, na kukagua kitufe cha kugeuza kwa mara ya tatu.