Hema Langu Silipigi Jikoni

"Akina mama watapiga kambi karibu na jikoni, kwa usalama wao." Aliyetamka maneno hayo ni mume wangu, kwenye rali ya pikipiki, ameshika kipaza sauti, na alipomaliza alipigiwa makofi. Admin, ficha jina langu, lakini maneno hayo usiyafiche.

Usalama gani? Jikoni pale ni bondeni, kando ya vyoo, njia ya kila mlevi anayetafuta supu. Moshi unaingia hemani, cheche zinarukia nailoni. Kama ningetaka kumchagulia adui yangu pa kulala, ningemchagulia hapo hapo. Wanaume wenyewe, ambao eti hawahitaji kulindwa, walijipa kilima: upepo safi, kivuli cha migunga, utulivu. Ajabu ya usalama huu ni kwamba unapatikana tu palipo na sufuria.

Nina miaka hamsini na mmoja, karani, mama wa watoto waliokwisha kujitegemea. Nilizaliwa mtaa wa Ziwani, Nairobi, baba akiwa mtu wa reli. Sasa tunaishi mtaa wa Tena. Pikipiki nilijifunza nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha ni huyu huyu mume wangu, tumwite Baba Neema. Nasema hivyo msije mkadhani namchukia. Alikimbia kando yangu uwanjani akipiga kelele, "Achilia klachi polepole, mama!" na niliposhika barabara alijivuna kuliko mimi. Siku hizi ni mwenyekiti wa klabu yetu ya pikipiki, na uenyekiti umempanda kichwani.

Klabu ina kanuni moja ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza: ulipoegesha ndipo unapolala. Mwendeshaji anapiga hema kando ya pikipiki yake. Waliobebwa, ambao sisi huwaita "wa nyuma", ndio hukaa jikoni, maana hawana chombo cha kulinda. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Shida ni kwamba kwa muda mrefu wanawake wote walikuwa wa nyuma, hadi wanaume wakaamini kwamba wa nyuma ni jina lingine la mwanamke. Kwenye rali ya juzi tulikuwa wanawake sita tulioendesha wenyewe kutoka Nairobi, vumbi na malori yote tukayala. Tulipofika ndipo likaja tangazo la kipaza sauti: pikipiki zetu zibaki kilimani, sisi tuteremke. Pikipiki zilikuwa za kiume vya kutosha kulala na wanaume. Sisi hapana.

Watano waliteremka. Mimi nilifungua hema langu kilimani nikaanza kupigilia vigingi. Baba Neema akaja, kamati nzima mgongoni.

"Mama Neema, hapo si pako."

"Pikipiki hii ni ya nani?"

"Yako. Lakini wewe ni mke wa mwenyekiti. Wewe ni wa nyuma kwa heshima."

Kwa heshima! Nimesoma vitabu vingi, vya siasa na vya dini, na sijawahi kukutana na heshima inayomteremsha mtu bondeni akamenye viazi.

Katibu wake, jamaa asiyejua hata kukaza mnyororo, akadakia, "Mathee, acha hizo bana. Unaangusha mzee mbele ya mayut, vijana wake hawa."

"Mzee ameanguka mwenyewe. Mimi napiga hema tu."

Watu wakaangua kicheko. Hapo nilimuumiza mume wangu, nilimwona usoni. Sikuacha kupigilia. Muda si muda nikamwona Mwende, si jina lake, muuguzi mmoja wa mtaa wa Fedha, akipanda kilima na hema begani. Aliliweka kando ya pikipiki yake.

Tuliporudi, kamati iliketi bila sisi. Uamuzi wao: Jumapili hii nisimame mbele ya klabu niombe msamaha kwa kuchagua mahali pale, la sivyo Mwende anafukuzwa. Mimi hawanigusi, ni mke wa mwenyekiti. Basi wamemshika asiye na mwenyekiti nyumbani. Tazameni ushujaa wa wanaume waliovaa jaketi za ngozi! Baba Neema naye anakunywa chai akiongea na ukuta: "Neno moja tu, Mama Neema. Sema pole, yaishe."

Hao nawaweza. Aliyenikata maini ni Mwende mwenyewe. Alikuja kwangu jana, akakataa hata kuketi.

"Madam, mimi sikupanda kule kupigana na mtu. Nilitaka tu kulala kando ya pikipiki yangu. Kazi ya hospitali inanimaliza, na hizi safari ndizo kitu changu pekee. Sema tu pole. Kwani maneno yanauma?"

Yananiuma. Nikisema pole, Mwende anabaki, lakini anabaki bondeni, yeye na kila msichana atakayemfuata. Nikikataa, nimemnyang'anya barabara mtu ambaye hakuniomba nimpiganie. Tangu jana nimeshindwa kuchagua.

Wasomaji wa ukurasa huu, semeni mnavyoona, nitasoma yote, hata ya wale watakaoniambia nikapike. Lakini jibu ninalolihitaji hasa ni la wanawake wanne, na najua mko humu, kwa maana ni nyinyi mlionionyesha ukurasa huu. Barabara niliyoendesha mimi ndiyo mliyoendesha nyinyi. Nilipokuwa napigilia vigingi, mliinamia sufuria mkajifanya hamnioni. Jumapili, kabla sijafungua mdomo, simameni kwanza. Mwambieni mwenyekiti, Mwende akisikia, rali ijayo mtalala wapi. Mkisema kilimani, hawana ubavu wa kutufukuza sote sita. Mkisema jikoni, nitaitamka hiyo pole ili mtoto wa watu abaki na safari zake, na nitakapoitamka sitaitazama kamati. Nitawatazama nyinyi.